Uvimbe Chini ya Kamba ya Kikapu

Kila Jumamosi Gacheri na mama yake, Karimi, walichuma kahawa katika shamba lao la Githongo. Kila mmoja alining'iniza kikapu shingoni, kamba ikipita kifuani. Asubuhi moja Gacheri alimwona mama akihamisha kamba kila mara na kukunja uso.

"Mama, unaumwa?"

"Ni kamba tu hii. Imeniletea uvimbe kwenye titi." Karimi aliushika mkono wa bintiye. "Baba yako asijue. Ana mambo mengi. Niahidi."

Gacheri aliahidi. Msimu wa kahawa ulikwisha, vikapu vikatundikwa jikoni, lakini uvimbe haukwisha.

Jumapili moja muuguzi Ntinyari alitangaza kanisani kwamba hospitali yao ilikuwa ikijaribu mashine ya kuchunguza saratani ya matiti kwa mawimbi ya maikrowevu.

Nje, jirani yao Ednah alicheka hadi akashika mbavu. "Maikrowevu? Si ndiyo ile ya kupasha githeri! Mama Gacheri, twende tukaive!"

"Wewe tangulia, mimi nitaleta chumvi," Karimi akajibu, na wanawake wakaangua kicheko.

Gacheri hakucheka. Aliuona mkono wa mama ukikandamiza kifua chini ya shali.

Jioni, wakila, Gacheri alisukuma sahani yake kando. "Baba, Mama ana uvimbe kwenye titi," alisema huku akilia.

Baba yake, Muthamia, aliweka sahani chini. Karimi aliinuka akatoka, na kwa siku kadhaa hakumsemesha bintiye. Hata hivyo, mumewe alipomsihi, alikubali kwenda hospitali. Gacheri aliandamana nao.

"Mawimbi haya ni hafifu mno, hayapiki kitu," Ntinyari alimweleza Karimi. "Yakikuta uvimbe ndani ya titi, yanarudi kwa namna tofauti, na kompyuta inachora picha. Lakini mashine hii bado iko kwenye majaribio. Hatutaitegemea peke yake."

Picha ilionyesha doa. Wakachukua kipande kidogo cha nyama kukipima. Ilikuwa saratani.

"Haijaenea," daktari alisema kwa upole, "ila imekua. Itabidi tuondoe titi lote. Ungekuja mapema, huenda tungetoa uvimbe tu."

Karimi alijifunika uso kwa shali. Muthamia alitazama dirishani.

Baada ya upasuaji, Gacheri alimsaidia mama kuvaa blauzi nyumbani. Upande mmoja ulining'inia mtupu.

"Mama, bado umenikasirikia?"

Karimi alitikisa kichwa. "Sikukukasirikia wewe, mwanangu. Niliogopa. Nilikubebesha siri ambayo mtoto hapaswi kubebeshwa. Mtu akikuambia ufiche ugonjwa, hata nikiwa mimi, usikubali. Mwambie mtu mzima mwingine siku hiyo hiyo. Dawa bado ni nyingi mbele yangu, na titi langu sitalipata tena. Lakini nipo hapa nawe."

Gacheri alimfunga mama kifungo cha mwisho.