Kaka Yangu Alijua Injini Imepasuka

Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, mkazi wa Kwamndolwa hapa Korogwe. Sijawahi kuandika jambo la kusomwa na watu. Lakini juzi nilimwona jirani yangu akinunua gari kwa mdogo wake bila hata kufungua boneti, kisa eti ni damu yake... Niliingia ndani, nikakaa kitandani, nikachukua kalamu. Wasomaji wenzangu, acheni nami niyatoe yangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeolewa Kwamsisi, Handeni. Mume wangu, Mhando, alikuwa mkulima, na pembeni alifuga na kuuza ng'ombe. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, mashamba ya wazee wetu tumeyaacha porini.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Ya pili nayo ikaharibika... Hii ya tatu ilipokua, mganga wa zahanati alinionya nisithubutu kujifungulia nyumbani. Uchungu ukianza tu, nikimbizwe hospitali Korogwe. Nikimbizwe na nini? Kijiji kizima kilikuwa na baiskeli tu!

Hapo ndipo alipotokea kaka yangu, Sefu.

Sefu ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki. Alikuwa dereva wa meneja mmoja Mzungu katika shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa, meneja yule alirudi kwao, akamwachia Sefu gari lake kama kiinua mgongo. Na halikuwa gari la mchezo! Viti vya ngozi, zulia miguuni, magurudumu yote manne yanavuta, linapanda kilima cha matope kama mbuzi. Lilipoingia Kwamsisi hata wazee walitoka nje kulitazama.

Sefu alimwambia mume wangu, "Shemeji, lichukue wewe. Sitaki mdogo wangu afie njiani kwenye keria ya baiskeli."

Nililia kwa furaha. Mhando alitoa ng'ombe wake wote kulilipia. Wote! Hata yule jike niliyepewa na mama yangu nilipoolewa, nikasema naye aende. Fundi hakuitwa. Angeitwaje fundi, ionekane tunamshuku kaka yangu?

Siku hiyohiyo, gari limezimwa uani na boneti bado ina moto, nilisikia harufu ya manjano. Manjano yaleyale ya mchuzi! Nikamuuliza Sefu. Akacheka, akasema ni mimba inayoninusisha vitu visivyokuwepo. Nami nikacheka. Ningejuaje kwamba kuna madereva hutia manjano kwenye rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ili yazibe panapovuja?

Kisha ikaingia hofu ya watu. Gari la kifahari ndani ya kijiji cha ujamaa! Minong'ono ikaanza... kupe, mnyonyaji, bepari. Katibu wa kijiji alimwita Mhando akamhoji mchana kutwa. Mume wangu akaahidi kwamba gari litabeba wagonjwa wa kijiji kizima, ndipo akaachiwa. Lakini tangu siku ile kila nikisikia hodi ya sauti nzito, nilichungulia dirishani kwanza. Nilidhani wamekuja kumchukua.

Mhando hakujua kuendesha, kwa hiyo Sefu alibaki kwetu kama dereva. Nikaanza kuona mambo. Alikuwa akienda peke yake kujaza maji kwenye gari, na mtu akitokea anafunga boneti haraka. Akiombwa safari, leo tairi, kesho mafuta. Akawa anakonda. Nilimuuliza, "Kaka, una nini?" Akanijibu kwamba ni homa tu.

Uchungu ulinianza asubuhi, naanika mihogo. Mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, alinifunga kanga kiunoni, akamwambia Sefu alete gari. Sefu alisimama tu. Mama mkwe akamfokea, "We Sefu, umekuwa mti?"

Kaka yangu alinitazama. Mdomo wake ulifunguka, kama mtu mwenye neno la kusema... Hakulisema! Akaingia, akawasha gari. Tukaondoka wanne, Sefu na Mhando mbele, mimi na mama mkwe nyuma.

Anayeijua njia ya Kwamsisi kwenda Mkata, penye barabara kuu ya Korogwe, enzi hizo atanielewa. Ni pori tupu. Hatukufika mbali, moshi mweupe ukaanza kufuka nyuma kama tumebeba tanuri. Sefu akawa anasimama kila penye kijito, anajaza debe, anamimina kwenye rejeta. Maji yanachemka na kuruka juu, yeye anarudi nyuma na mikono iliyoungua. Mhando akamuuliza kulikoni. Akasema ni jua kali.

Penye kilima kimoja injini iligonga kwa ndani, ikatoa mlio kama chungu kinachopasukia motoni. Gari likatikisika... likazima. Kimya! Sijawahi kusikia kimya kama kile.

Mhando alichukua panga, akasema anakimbilia kijiji cha mbele kutafuta msaada. Nilimshika shati nikamsihi asiende. Barabarani palikuwa na kinyesi kibichi cha tembo, na miti imevunjwa pande zote. Akanibandua vidole taratibu, akaondoka mbio.

Mama mkwe alifunga vioo. Ndani pakawa joto la kuua. Uchungu unanikaba, jasho linaniteleza kwenye vile viti vya ngozi, na huko kichakani nasikia matawi yakivunjika. Kra! Kra! Kila tawi likivunjika, mama mkwe alinibana mdomo kwa kiganja nisipige kelele. Ndugu zangu, mmewahi kuzuiwa kulia katika uchungu wa kuzaa?

Sefu alikuwa nje, ameegemea mlango. Ghafla akapiga magoti usawa wa kioo.

"Mdogo wangu," alisema, "injini hii ilipasuka zamani. Fundi aliniambia haifai tena, na vipuri vyake nchini havipo. Nilijua... Nilijua kabla sijawauzia."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Mama mkwe alishusha kioo kidogo. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Geuka. Huyu ni dada yako, usimwone katika hali hii. Geuka utazame pori, tembo wakija utuambie."

Akageuka. Nikajifungua mtoto wa kiume nyuma ya mgongo wa kaka yangu, naye Sefu akilia kama mtoto.

Mwanangu alilia mara moja, kwa sauti nyembamba... Basi. Mama mkwe alimpulizia pumzi, akamsugua, akamwita kwa jina la babu yake. Hakuitika.

Damu yangu haikukata. Jua lilikuwa linashuka Mhando aliporudi na trekta la shamba la kijiji, amesimama kwenye tela ananipungia mkono. Aliruka chini akauliza, "Mtoto?" Mama mkwe akatikisa kichwa.

Hospitali ya Korogwe waliniokoa mimi, lakini kizazi waliniondoa. Sikuzaa tena.

Sefu mwenyewe alimweleza Mhando, palepale kando ya kitanda changu. Nilidhani atampiga. Hakumgusa. Alimwambia tu, "Ng'ombe si kitu, shemeji. Lakini asubuhi ile ulishika usukani. Ulijua, na ukaushika."

Miaka ilikwenda. Mhando aliongeza mke, sikumlaumu. Watoto wake nimewalea na wananiita mama. Sefu alihamia Kerenge akawa mkulima. Wazee walitupatanisha, nikatamka kwa kinywa kwamba nimemsamehe. Lakini hofu haikupatanishwa! Mpaka leo nikiwa ndani ya gari, injini ikikohoa kidogo tu, nashuka. Wajukuu hunicheka. Nawaacha wacheke.

Sefu alipokuwa mgonjwa wa kufa, aliniita Kerenge. Nilikaa kando ya mkeka wake, nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote. Asubuhi ile uani, kwa nini hukusema?

Akaniambia, "Niliona aibu, mdogo wangu. Nilidhani gari litafika."

Wasomaji wenzangu, undugu si kipimo cha injini. Mwite fundi hata kama muuzaji mmenyonya ziwa moja. Akikasirika, mwache akasirike. Nawe uliyeuza kitu kibovu ukanyamaza, ukiwaona watu wanampakia mgonjwa wao, sema! Sema hata kama watakutemea mate. Mate hufutika. Mwanangu tulimzika palepale kando ya njia ya Mkata, na kila nikipita huko nashindwa kutambua ni wapi, maana pori limekwishapafunika.