Stika ya Buluu kwenye Simu ya Mwalimu

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mwalimu aliiwasha simu yake juu ya kaunta ya duka la ufundi, akabonyeza programu aliyoizoea. Ikafunguka nusu, ikajifunga. Akabonyeza tena, ikajifunga tena. Mara ya tatu, vilevile. Hakulalamika, kwa sababu hakuweza: sauti yake yote ilikuwa ndani ya programu hiyo.

Miaka mitatu nyuma, upasuaji wa koo ulimwachia uhai ukamchukulia sauti. Kabla ya siku hiyo alikaa siku nne akiisomea simu sentensi, programu ikajifunza anavyosema. Tangu hapo alikuwa anaandika kwa vidole na simu inatamka kwa sauti yake mwenyewe, hata ile tabia yake ya kuvuta neno la mwisho kama anayemngoja mwanafunzi mzito. Mwaka mmoja baadaye kampuni iliyoitengeneza programu ilifungwa. Baada ya hapo programu ilikubali kufanya kazi kwenye mfumo wa zamani tu, tena kwenye simu iliyovunjwa kufuli za kiwandani.

"Simu imesasishwa," alisema Fundi Bisibisi, mwenye duka, bila kuinua macho. "Ina mfumo mpya."

"Nani kasasisha?" kaka yake Mwalimu alipandisha sauti. Ndiye aliyeileta Jumamosi. "Mimi nilileta isafishwe matundu ya spika. Vumbi tu!"

"Tulia, kaka. Njia ipo. Nilipoivunja kufuli nilimhifadhia saini kwenye diski."

Bisibisi alifungua kufuli ya droo, akavuta, akabaki amekodoa macho. "Diski haipo. Tumeibiwa."

Kwenye meza ya karibu na mlango, Mama Saa alishusha kikuza, ile lenzi ndogo ya kubana jichoni. Alikuwa amepanga kona hiyo kwa ajili ya kutengeneza saa, na umbea wa duka aliupata bure. Vitu vilivyopotea kwenye jengo hilo, kuanzia funguo hadi mwavuli wa daktari wa meno, vilipatikana kwa maswali yake.

"Saini gani hiyo?" aliuliza.

"Kila unapoweka mfumo, Mama, simu inaomba kiwandani isainiwe," alisema Bisibisi. "Kiwanda kinasaini mfumo mpya tu. Wa zamani kikishaacha, kimeacha. Ila ukiiomba saini mapema na kuihifadhi, unaweza kurudi siku yoyote. Na kila saini imefungwa kwenye namba ya kiwandani ya simu moja. Yangu haikubali kwenye yako."

"Na bila diski?"

"Basi tena."

Mwalimu alichukua daftari, akaandika kwa herufi kubwa: SAUTI YENYEWE NINA NAKALA NYUMBANI. BILA MFUMO WA ZAMANI HAINA KAZI. ALHAMISI NINA MITIHANI YA MDOMO. NITAWAULIZA WATOTO KWA ISHARA?

"Twende polisi," alisema kaka mtu.

"Nipeni hadi saa tisa," alisema Mama Saa. Alisema haraka mno, na hakujua kwa nini.

Alianza na Shangazi, dada wa baba yake Bisibisi, aliyekaa kaunta kupokea simu na kuzibandika stika za maelezo.

"Uliandika nini Jumamosi?"

"Safisha," alijibu Shangazi kwa fahari. "Stika ya buluu, saa tatu na nusu. Mimi siandiki huo mchanganyiko wenu wa 'apdeti' na 'klini'. Naandika Kiswahili sanifu."

"Stika yenyewe iko wapi?"

"Ningejua? Imebanduliwa."

Kiswahili chake kilikuwa sanifu kweli, ila mwandiko ulikuwa balaa. Herufi zililaliana kama nguo mbichi kwenye kamba. Bisibisi mwenyewe alishakata tamaa nao, kutwa alikuwa akiita, "Mama Saa, nisomee hii."

Simu ilikuwa imeandika saa ya kusasishwa: Jumamosi, saa tano na dakika kumi na mbili.

"Saa hizo ulikuwa wapi, Shangazi?"

"Kliniki ya macho." Alitoa kadi yenye muhuri. "Nilitoka saa tano kasoro robo, nikarudi saa saba. Usinitazame hivyo! Mtu aliyekuwa anamwambia Mwalimu anunue simu mpya ni huyo kaka yake. Nilimsikia na masikio yangu."

Kaka mtu hakukana. "Nilisema. Ile sauti inaniumiza. Nikiisikia namwona dada yangu kabla hajaugua, halafu nageuka namwona alivyo." Akameza mate. "Lakini saa tano nilikuwa kwenye zamu, naendesha gari la wagonjwa. Kitabu cha zamu kipo. Na nikitaka kumnyamazisha dada yangu, ningemleta kwa fundi aliyempa sauti?"

Mama Saa aliipigia simu hospitali. Kitabu kilimtetea.

Saa saba na robo alikaa mezani kwake, akaandika kwenye kipande cha karatasi: waliokuwa dukani saa tano na dakika kumi na mbili. Aliandika Bisibisi. Kisha, kwa kuwa alijiona mtu wa haki, aliandika: mimi. Alikumbuka vizuri. Saa tano kamili alianza kazi ya saa ya ukutani, kikuza jichoni, hakuinuka hadi saa sita. Alikitazama kile kijineno cha pili, akajisikia vibaya, akaigeuza karatasi.

Akaichukua simu. Kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu asubuhi. Ubavuni, kitrei cha laini kilikuwa kimechomoza kidogo kama ncha ya ulimi. Anayesafisha spika hakigusi, na anayesasisha hana shida nacho. Alikivuta. Chini ya laini palikuwa pamechongwa namba ya kiwandani ya simu hiyo, herufi ndogo kama mbegu za mchicha.

Akaenda kwenye droo. Kufuli ilikuwa nzima. Ndani mlikuwa na vioo vya simu vipya, bado kwenye maboksi, ambavyo mwizi yeyote mwenye akili angevibeba kwanza.

Saa nane na dakika arobaini alimsimamia Bisibisi mezani kwake.

"Zima hicho chuma cha kulehemu, tuongee."

Bisibisi alizima.

"Aliyechukua diski alikuwa na ufunguo. Ufunguo unao wewe. Aliyekitoa kitrei alitaka namba ya kiwandani, na namba hiyo inatakiwa na mtu anayetaka kurudisha mfumo. Hapa hapana mwizi, Bisibisi. Kuna mtu alijaribu kurekebisha akashindwa, akaificha diski."

Bisibisi aliinama, akatoa diski ndani ya boksi la nyaya.

"Jumamosi saa nane niligundua ni simu ya nani. Ilikuwa na kava jipya, sikuitambua. Nikajaribu kuirudisha. Nikachapa namba ya kwenye kitrei, kompyuta ikasema saini ni ya simu nyingine." Alijifuta uso. "Mama, miaka miwili nimemwambia yule mwalimu, 'Usiwe na wasiwasi, nimekuhifadhia.' Kumbe nilihifadhi ya mtu mwingine. Nikaona bora niitwe mtu aliyeibiwa kuliko mtu aliyemdanganya."

"Na kusasisha je? Kwa nini ulisasisha simu ya kusafishwa?"

Bisibisi aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa stika ya buluu iliyokunjwa, akaiweka mbele yake. Mama Saa hakuhitaji kikuza wala maelezo. Aliisikia sauti yake mwenyewe. Jumamosi ile, saa tano na dakika kadhaa, jicho likiwa ndani ya saa, Bisibisi mikono yote miwili kwenye moto wa kulehemu: "Mama Saa, hiyo ya buluu imeandikwaje?" Na yeye, bila kuvua lenzi, aliitupia stika jicho mara moja akasema, "Sasisha."

Herufi moja. Na asubuhi nzima alikuwa amewahoji watu wazima kama wezi wa kuku.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuuliza kwa sababu ya uvivu wangu. Tuyamalize hapa hapa, Mama. Hakuna anayejua."

Lilikuwa jambo jepesi kukubali. Shangazi alikuwa jikoni, kaka mtu nje, Mwalimu kwenye benchi amelikumbatia daftari lake. Mama Saa aliona haya kiasi cha kutamani sakafu impokee.

"Mimi najua," alisema. "Lete kitrei."

Alibana kikuza jichoni. Safari hii alisoma polepole, herufi moja moja, kidole kikifuata, na Bisibisi akilinganisha na namba iliyo kwenye saini.

"Tatu. A. Sifuri. B."

"Nane," alisema Bisibisi. "Mimi nilisoma nane."

"Ni B. Ina mgongo ulionyooka. Saini inasemaje?"

Bisibisi alisogea karibu na kioo cha kompyuta. "B," alinong'ona. "Saini ni yake. Ni yake tangu mwanzo!"

Saa tisa kamili Mama Saa alisimama mbele ya benchi.

"Mwalimu, mwizi hayupo. Fundi aliificha diski kwa aibu. Lakini simu yako niliiharibu mimi. Niliulizwa imeandikwa nini, sikutazama vizuri, nikajibu. Kisha nikatumia siku nzima kumtafuta mwingine. Nisamehe."

Kaka mtu alifungua kinywa. Mwalimu alimzuia kwa mkono. Kisha akalifunga daftari, na hilo lilimchoma Mama Saa kuliko tusi.

Kaka mtu alikwenda nyumbani kuchukua nakala ya sauti. Mfumo wa zamani ulirudi saa kumi na dakika ishirini. Kuvunja kufuli upya na kuipakia sauti kukamalizika saa kumi na moja. Programu ilifunguka, ikabaki wazi. Shangazi alianza kulia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwalimu aliichukua simu. Aliokota pia ile stika ya buluu, akailainisha kwa kidole, akaibandika mezani mbele ya Mama Saa. Kisha akaandika maneno mawili, akabonyeza, na sauti ya mwanamke mwenye subira, akivuta neno la mwisho, ikajaa dukani:

"Soma tena."

Mama Saa alivua kikuza, akainamisha kichwa.

"Safisha," alisoma.