Nusu Toni kwa Wiki

Jumamosi saa saba mchana, mkahawa wa kuku wa pilipili pale Nashville ulikuwa umefurika, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi kwenye maegesho. Thaddeus Pruitt hakuwa kwenye foleni. Alikuwa amelala chali nyuma ya kaunta, kichwa ndani ya mashine ya barafu, bisibisi mkononi, akiimba. Sauti yake nzito ilipanda vizuri, ikapanda tena, halafu ilipofika juu ikakatika.

"Umeliachamia mno hilo neno la mwisho," mwanamke mmoja akasema kutoka upande wa pili wa kaunta.

Thaddeus akatoa kichwa. Mwanamke alikuwa amevaa gauni la kitani la rangi ya haradali na viatu vya raba, penseli imechomekwa kwenye nywele zake za kusuka.

"Samahani, dada?"

"Umefungua mdomo kama uko kwa daktari wa meno. Liimbe kama 'u', midomo uibane kidogo, halafu usisukume. Jaribu."

"Mimi nimekuja kutengeneza mashine ya barafu."

"Na mimi nimekuja kula kuku. Jaribu tu."

Akajaribu, foleni nzima ikimtazama. Noti ikatoka, nyembamba lakini nzima. Thaddeus akaduwaa. Miaka kumi na sita alikuwa akiupiga mlango ule kwa bega, kumbe una kitasa.

"Umenifanyia nini?"

"Sijakufanyia kitu. Naitwa Odessa Greer. Nafundisha wanaume kuimba, kazi isiyo na shukrani. Halafu kiyoyozi changu kimekufa."

"Basi mimi nitatengeneza kiyoyozi, wewe utengeneze koo."

"Jumanne, saa kumi na moja jioni," akasema Odessa, akachukua kuku wake akaenda zake.

Chumba chake kilikuwa juu ya duka la kinyozi, sakafu ya mbao, piano ya umeme dirishani, kigoda kimoja karibu na mlango. Jumanne ile Thaddeus alikitengeneza kiyoyozi kwa dakika arobaini, kisha akatoa kaseti mfukoni. Dada yake Junie alikuwa anaolewa baada ya wiki saba. Baba yao alimtungia Junie wimbo tangu akiwa mdogo, akaahidi kuuimba siku ya harusi. Alipougua alirekodi gitaa tu, akafariki kabla ya kuweka sauti.

"Nimemwahidi Junie nitauimba mimi," Thaddeus akasema. "Na kaseti haishuki wala haipandi. Alipopiga yeye ndipo nitakapoimba. Kuna mahali pamoja juu kule, nikifika, sauti inakatika."

Odessa aliisikiliza mara mbili, macho kafumba. Kisha akamrudishia.

"Ifungie kabatini. Usiuimbe mpaka nikwambie."

"Lakini huo ndio wimbo nilioujia!"

"Ndiyo maana. Koo lako limeshaujua kama uwanja wa vita. Sikiliza, fundi. Chini unaimba kwa sauti ya kifua, juu una sauti ya kichwa, na katikati kuna daraja. Nyinyi wanaume mkifika darajani, ama mnapiga kelele ama mnatumbukia. Mimi nakufundisha kuzichanganya hizo mbili ukiwa njiani, zote ziwepo kidogo kidogo. Huwezi kujifunzia hilo kwenye wimbo unaoupigania."

"Kwa hiyo nitaimba nini?"

"Wa kumbembelezea mtoto. Aliniimbia bibi yangu. Umejaa 'u' na 'i', noti ya juu unaigusa na kuiacha, hukai pale ukajisifu. Na haupigiwi kelele, kwa sababu ukipiga kelele mtoto anaamka. Kaa kwenye kigoda. Mwanaume akisimama anataka kushinda."

Thaddeus akacheka, akaketi, akambembeleza mtoto asiyekuwepo. Alirekodi somo kwenye simu, kama alivyoagizwa, na wiki nzima aliimba ndani ya vyumba vya baridi vya mabucha alivyokuwa akivitengeneza, navyo vikaitikia.

Jumanne iliyofuata alikivuta kigoda mbele kidogo, ili aone vizuri karatasi, alijiambia, ingawa hakujua kusoma noti hata moja. Jumanne nyingine akakivuta tena. Kati ya Jumanne na Jumanne zikaja simu.

"Mwalimu, mtoto amelala?"

"Amelala, umempigia simu ya nini?"

"Nataka kujua kwa nini 'u' inapita na 'a' haipiti."

"Hujapiga kuniuliza 'u', Thaddeus."

"Niambie kwanza ya 'u', ya pili nitakwambia Jumanne."

Akaambiwa. Akauliza jingine, na jingine. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kumpenda mwanamke kupitia maswali, lakini alikuwa anampenda, na alijua.

Jumanne ya sita simu ya Odessa ikaita, akatoka nje ya chumba kuipokea. Thaddeus akainama kwenye piano. Kwenye kioo chake kidogo palikuwa na alama ya kutoa na namba 2.

"Hii kutoa mbili ni nini?" Thaddeus akamuuliza Odessa aliporudi.

Odessa akasimama. "Ni kitufe cha kushusha wimbo. Piano inacheza chini ya ilivyoandikwa."

"Wiki zote hizi umekuwa ukinishushia?"

"Ndiyo. Lakini siwezi kukueleza sasa. Nikikueleza nitakuharibia. Niamini mpaka harusi ipite."

"Hata wimbo wa mtoto, Odessa? Unanishushia wimbo wa mtoto, halafu unaniambia 'safi sana'?"

"Ni safi kweli."

"Umenionea huruma. Ningejua ningemtafuta mwingine, na sasa zimebaki siku kumi na moja."

Alichukua sanduku lake la vifaa akashuka. Odessa hakumfuata. Alipiga simu usiku huo na kesho yake, Thaddeus akaiacha iite. Jumanne ya saba hakwenda.

Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya harusi, alikuwa ameketi kwenye gari lake la kazi akila mkate wa nyama. Hasira ilimtuma asikilize somo la mwisho, asikie mwenyewe alivyoshushwa. Akasikia sauti yake ikipanda kwenye neno la mtoto, ikagusa, ikarudi. Kisha, bila kujua anatafuta nini, akatumbukiza kaseti ya baba kwenye redio kuukuu ya gari, akaipeleka hadi pale pabaya.

Gitaa likapanda kwenye noti ile ya juu. Thaddeus akaacha kutafuna.

Akarudisha nyuma rekodi ya simu, akasikiliza. Akarudisha kaseti, akasikiliza. Noti ilikuwa ileile. Akafungua somo la kwanza: wimbo uleule, chini kabisa. La pili, juu kidogo. La tatu, juu kidogo tena. Aliyafungua yote sita, mkate ukapoa mapajani. Ndipo akapiga simu.

"Fundi," Odessa akaitika.

"Noti ya mtoto ni noti ya baba."

"Tangu Jumanne ile uliyoondoka na hasira. Nilianzia kutoa saba. Kila wiki nikakupandisha nusu toni."

"Mbona hukuniambia, mpenzi?"

"Kila mwanaume niliyemwambia amefika juu alikaza shingo palepale. Ilibidi nichague, wewe unipende wiki hii au uimbe Jumamosi." Akavuta pumzi. "Nililia, kama unataka kujua."

"Nisamehe. Nilikuwa mjinga." Kisha wazo likamjia. "Lakini sasa nimejua. Nikiikaza shingo je?"

"Hilo ndilo ninaloogopa."

Jumamosi kanisa lilijaa kofia na manukato. Junie alikuwa ndani ya shela, mkono umekaza mkono wa bwana harusi. Kaseti ikaanza kukwaruza, gitaa la baba likaingia, Thaddeus akasimama na suti yake ya kijivu akaimba. Chini hakukuwa na shida. Daraja likakaribia, na akaihisi shingo ikianza kukaza, sawasawa na zamani.

Akamtafuta Odessa. Alikuwa safu ya tatu, gauni lilelile la haradali. Hakumwonyesha midomo wala kumtolea macho. Alikunja mikono kifuani, akaibembeza polepole, kama amepakata mtu aliyelala.

Thaddeus akaimba asimwamshe. Noti ikapita. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa nzima, na Junie akafunika uso kwa viganja akalia mbele ya kanisa zima.

Baadaye walisimama nje kwenye ngazi, sahani za keki mikononi.

"Wiki sita unanipandisha bila taarifa," Thaddeus akasema. "Huoni haya?"

"Na kigoda je?"

"Kigoda kipi?"

"Siku ya kwanza kilikuwa mlangoni. Kila Jumanne kimesogea ubao mmoja wa sakafu. Mbao tano, Thaddeus. Ulidhani nahesabu toni tu?"

Thaddeus akaiweka keki yake chini.

"Nikiwa na jambo kubwa la kukuomba, nikuombe lote, au nusu toni kwa wiki?"

"Liombe lote," Odessa akasema. "Ila usipige kelele."

Akamwinamia sikioni, akaliomba lote.