Kioo cha Upande wa Abiria

"Mzee, hiki kioo ulikipeleka vitani?"

Mama Vioo, fundi aliyejulikana mtaa mzima kwa kazi hiyo moja, alikuwa amekishika kioo cha pembeni cha kushoto kilichoning'inia kwa waya. Mwenye gari, mstaafu ambaye rafiki zake humwita Kapteni, hakucheka.

"Barabara mbovu, mabonde matupu. Gari likayumba, kikagonga tawi. Kitakuwa tayari kabla ya saa kumi?"

"Saa kumi kuna nini?"

Kapteni akamwonyesha simu. Mtu mzima na heshima zake, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni. Meseji ilikuwa ya mkewe.

"Nakuja hapo kwa fundi saa kumi kuchukua nguo zangu kwenye gari. Naomba nisikukute."

Mama Vioo akairudisha simu. "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Basi Kapteni akaeleza. Gari-nyumba lile, lenye kitanda na jiko humo humo ndani, walilinunua walipostaafu, na huu ni mwaka wa nne wanazunguka nalo. Yeye anashika usukani. Mkewe, anayeitwa Mwalimu hadi leo, anakaa kushoto na kumwambia pita, ngoja, rudi kulia. Siku ile pia alisema rudi kulia, tena mara mbili. Kapteni akajibu, "Naona." Kioo kilipopasuka akamgeukia: "Kelele zako ndizo zimetugongesha. Wewe humu ni abiria tu." Walipofika mji huu Mwalimu akashuka, akaenda kwa dada yake. Leo siku ya tano.

"Kioo kikipona, angalau nitakuwa na pa kuanzia," alisema Kapteni.

"Haya. Wanaume mna mambo."

Mama Vioo akafungua skrubu, akanyoosha mkono wa kioo uliopinda, akapachika kioo kipya. Kwenye ule mkono palikuwa na alama ya kutu iliyoonyesha kioo kilielekea wapi kwa muda mrefu. Akakilinganisha nayo, akakaza.

"Kaa kwenye usukani. Unaona nini?"

Kapteni akageuza kichwa chote, akakodoa. "Ukuta wa jirani na pipa la taka. Fundi, umekosea."

"Sijakosea. Nimefuata kutu, na kutu haina sababu ya kunidanganya." Akazunguka, akapanda, akakaa kiti cha kushoto. "Ukikaa hapa, barabara yote ya nyuma unaiona. Mzee, kioo hiki kilitegwa kwa ajili ya abiria. Wewe ulikuwa unaendeshaje?"

Kapteni akashika usukani kwa mikono miwili. Jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu kwa miaka mitatu, na hakumwambia mtu. Aliogopa kunyang'anywa usukani. Upande ule alishaacha kuutazama, na aliona hakuna aliyegundua. Sasa akaona aibu hadi masikio yakamwaka.

Saa kumi kasoro Mwalimu akafika na begi tupu.

"Nilisema nisikukute."

"Nimeusoma ujumbe. Ulikigeuza lini kioo?"

Mwalimu akamtazama fundi, kisha mumewe. "Siku uliyomimina chai nje ya kikombe, upande wa kushoto, ukasema meza imeinama."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nimelala na wewe miaka thelathini, nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaficha kwa bidii sana. Nikasema basi, nitakuwa jicho lako, tusivunjiane heshima. Halafu ukaniita abiria."

"Nisamehe, mke wangu. Tawi sikuliona. Nilisema naona, na sikuwa naona kitu. Ulisema kweli, mimi nikakutupia kosa langu."

Mwalimu akafungua mlango wa nyuma, akapanda. Kapteni akasikia droo zikivutwa moja baada ya nyingine, akajua ameshampoteza. Mwalimu alipotoka, begi lilikuwa bado tupu. Mkononi alishika kikadi.

"Leseni yangu. Imekula vumbi chini ya vijiko miaka minne. Lete funguo. Na Jumatatu unakwenda kwa daktari wa macho, sitaki hadithi."

Kapteni akashuka, akampa funguo.

Mwalimu akapanda nyuma ya usukani, akasogeza kiti mbele. "Fundi, nigeuzie hicho kioo kije kwangu."

"Hii alama ya kutu niiache?"

"Ikwangue."

Mama Vioo akaikwangua kwa msasa, akakigeuza kioo taratibu mpaka Mwalimu akasema hapo hapo. Kapteni akazunguka, akakaa kushoto kwa mara ya kwanza tangu walinunue gari lile. Jicho lake zima sasa lilikuwa upande wa mkewe.

"Unaona?" Mwalimu akauliza.

"Naona," akajibu, na safari hii ilikuwa kweli.