Waya Mwembamba Kwenye Bomba

Jumamosi asubuhi wanaume wanne wa kanisani walifika kwa Darlene Stamper na ngazi zao. Walikuja kubadilisha umeme wa nyumba, kutoka ampea mia moja hadi mia mbili. Darlene aliwasha jiko la gesi, akabandika sufuria la maharage.

Mama yake, Opal, alikuwa hospitali. Daktari alisema angeruhusiwa kurudi nyumbani endapo tu umeme ungetosha mashine yake ya oksijeni. Ule wa zamani ulikatika kila mara mtu alipochemsha chai kwa birika la umeme.

Huku bondeni kazi ya kanisa hailipwi, wala haiulizwi maswali. Unapika, unashukuru, basi.

Saa sita mmoja wao, Verlin, shemasi na kaka wa mume wake, aliingia jikoni akijifuta mikono.

"Tumemaliza, shemeji. Tupakulie."

Darlene alishuka kwanza chini ya nyumba, wanaume wakamfuata. Waya mnene wa alumini ulikuwa umeingia kwenye kisanduku kipya. Kutoka hapo, waya wa ethi, ule wa kumwaga umeme wa hatari ardhini, ulikwenda kwenye bomba la maji. Waya mwingine wa ethi ulikwenda kwenye fimbo iliyopigwa ardhini, nje. Nyaya zote mbili zilikuwa nyembamba kama penseli ya mtoto.

"Verlin, huu wa bombani si mdogo?"

"Namba sita hiyo. Naifunga kila nyumba."

"Umeme umeongezeka maradufu."

"Waya wa ethi haubebi umeme, shemeji. Unakaa tu. Mimi nikuachie maharage, wewe uniachie waya."

Wanaume walicheka. Darlene hakucheka. Alitoka, akamwita jirani yake, Bi Imogene, aliyefanya kazi ya umeme mgodini miaka ishirini na sita.

Bi Imogene alikuja amevaa viatu vya bustani. Alikwaruza bomba kwa sarafu.

"Shaba, na linakwenda mbali ardhini. Verlin, waya ulioingia nyumbani ni namba gani?"

"Sifuri nne, alumini, ule mnene."

"Basi wa bombani ni namba nne, shaba. Namba ikipungua, waya unanenepa. Unapima waya wa ethi kwa unene wa waya unaoingia nyumbani. Hupimi kwa mazoea."

"Na wa fimbo je? Nao ni sita," alisema Verlin.

"Fimbo ni fupi, haiwezi kumwaga umeme mwingi ardhini. Sita inaitosha. Bomba refu linamwaga mwingi. Radi ikipiga, au waya mkubwa wa barabarani ukiangukia wa nyumba, umeme unakimbilia huko. Waya mwembamba utaungua, na umeme utatafuta njia nyingine. Kitanda cha mgonjwa, kwa mfano."

Verlin alijikuna shingo.

"Mkaguzi wa umeme namfahamu. Tunawinda naye. Jumatatu atapitisha."

"Mama yangu hatalindwa na urafiki wenu," alisema Darlene.

"Tumefanya bure, shemeji. Jumamosi yetu nzima."

"Asanteni. Sasa badilisheni."

"Tukishakula."

Darlene alipanda jikoni, akafunika sufuria. Akavuta kiti, akakaa mbele ya jiko.

"Shemasi mzima unanyimwa maharage," alisema mmoja wao.

"Kwa sababu ya waya wa futi nane," akajibu mwingine.

"Duka la vifaa linafungwa saa tisa," alisema Darlene.

Verlin alichukua funguo za gari.

Saa kumi waya wa namba nne ulikuwa umefungwa, mzima bila kiungo, karibu na pale bomba linapoingia nyumbani. Bi Imogene alivuta kwa mkono kibano kilichoushika kwenye bomba. Hakikutikisika.

Jumatatu mkaguzi alipiga magoti, akasoma namba kwenye waya, akabandika karatasi ya kijani ya kupitisha kazi. Jioni umeme uliwashwa. Jumatano Opal aliletwa nyumbani. Verlin mwenyewe ndiye aliyembebea mashine.

"Nasikia uliwashindisha njaa watu wa Mungu," alisema Opal, mpira wa oksijeni puani.

"Walikula."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

Opal alicheka mpaka akakohoa. Darlene alimwekea mto mgongoni, akawasha birika. Mashine iliendelea kuvuma.