Uzi Mwekundu wa Chiriku

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tano Juni. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, na jua lilichomoza haraka haraka kama mtu aliyechelewa kazini. Matone bado yalidondoka kutoka kwenye bati wakati Kapteni alipokuwa akiwaogesha mapacha uani.

Kapteni alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa popote alipopita watoto wadogo walimfuata. Siku hiyo alikuwa na watoto watatu wa kuangalia. Wa kwanza na wa pili walikuwa wadogo zake mapacha, wavulana wa miaka minne, waliofanana kama punje mbili za mahindi. Mmoja aliitwa Chiriku kwa sababu kinywa chake hakikufungwa kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mwenzake aliitwa Mpole. Wa tatu alikuwa mtoto wa mama mdogo, msichana wa miaka mitano aliyeitwa Mbona, kwa sababu kila alichosema kilianza na neno hilo.

Chiriku alikuwa anaumwa sikio. Siku alipoanza dawa, mama alimfunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto ili asichanganywe na mwenzake. Uzi ule sasa ulikuwa umelowa sabuni na kuchakaa. Kapteni akachukua mkasi akaukata.

"Mbona unaukata?" Mbona akauliza.

"Uzi wa nini? Hawa ninawajua kama kiganja changu. Mmoja haishi kusema, mwingine haanzi."

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Asubuhi hiyo alikuwa ameinamia sare za watoto wa chekechea, pini zikiwa zimebanwa midomoni, kwa hiyo hakuona lililotendeka. Alizitoa pini ili aseme vizuri.

"Mwanangu, peleka sare hizi kwa mwalimu, niletee vifungo vyeupe, halafu mpitie mashineni mchukue unga. Beba na chupa ya dawa na kijiko; saa sita, wakishakula, mpe Chiriku dawa, kijiko kimoja. Usisahau, mama. Lile sikio likiharibika, hatasikia tena vizuri maisha yake yote."

"Usiwe na wasiwasi, mama. Niachie mimi."

"Haya. Mungu awatangulie."

Kapteni alikuwa na namna yake ya kutembea na watoto. Alisuka kamba kutokana na masalio ya vitambaa vya mama yake, akapiga mafundo matatu. Kila mtoto alishika fundo lake, na aliyeliachia aliimba wimbo mpaka alishike tena. Hakuna aliyewahi kupotea.

"Ee, treni hiyo!" mshona viatu aliwatania njiani. "Mabehewa yote yana breki?"

"Hili la mwisho halina!" akajibu Kapteni, na watu wakacheka.

Sare zilimfikia mwalimu zikiwa safi. Vifungo vilipatikana duka la pili. Kapteni alitembea kifua mbele. Kwenye mashine ya kusaga kulikuwa na foleni, basi wakaketi kwenye benchi wakala ndizi. Pacha mmoja aliongea bila kupumua: kuhusu mkanda wa mashine, kuhusu vumbi la unga, kuhusu paka aliyegeuka mweupe. Saa sita ilipofika, Kapteni alitikisa chupa, akamimina dawa kwenye kijiko, akamnywesha yule msemaji. Mtoto akalamba kijiko.

"Mbona umempa Mpole?" Mbona akauliza.

"Mpole gani anayeongea hivi?"

"Mbona Chiriku ndiye anayeumwa? Mtu akiumwa haongei."

Kapteni alimgeukia yule pacha mwingine. Alikuwa amelaza kichwa juu ya gunia, kiganja kimeziba sikio, machozi yakimtiririka kimyakimya. Alipomgusa shingo, ilikuwa ya moto.

"Wewe ni nani?" akamuuliza kwa upole.

"Chiriku," akajibu kwa sauti ndogo.

"Na mimi Mpole!" yule msemaji akadakia kwa furaha. "Leo naongea mimi. Yeye amechoka."

Kapteni akaweka kijiko chini. Akamtazama tena Mpole. Je, dawa ile itamdhuru? Akaitazama chupa. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameipima dawa itoshe mpaka siku ya mwisho, na sasa kijiko kimoja kilikuwa kimepotea. Bomba la maji lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Maji kidogo tu, chupa ingejaa kama awali. Nani angejua? Alifungua kifuniko, akasogea.

"Mbona unataka kuweka maji kwenye dawa?"

Kapteni akasimama. Alifumba macho. "Ee Mungu," akaomba moyoni, "nipe ujasiri wa kusema." Kisha akafunga kifuniko kwa nguvu. "Shikeni mafundo. Unga utatungoja."

Zahanati ilikuwa jirani. Alimweleza muuguzi kila kitu bila kuficha, hata lile la bomba. Muuguzi alimpima Mpole, akachungulia sikio la Chiriku, kisha yeye mwenyewe akamnywesha Chiriku dawa yake.

"Huyu mzima, kijiko kimoja hakitamdhuru. Nitamwongezea mgonjwa kilichopungua," alisema. "Lakini ungeongeza maji, ungeiharibu dawa yote, na sikio lingeendelea kuoza huku nyumbani mkidhani anatibiwa. Umefanya vema kuja. Sasa kamwambie mama."

Wakapitia tena mashineni kuchukua unga. Nyumbani, mama alikuwa mlangoni na mteja mmoja. Kapteni aliweka unga chini.

"Mama, nilikata uzi. Nikampa Mpole dawa ya Chiriku. Tumetoka kwa muuguzi."

 Mama aliwashika mapacha mmoja mmoja, akawagusa mashavu. Kisha akavuta uzi mwekundu kutoka kwenye kibiringo cha cherehani.

"Wanangu hawa nimewazaa mimi," alisema. "Lakini usiku nikichoka, macho yananidanganya. Ndiyo maana nafunga uzi. Anayejiamini hakatai kuhakikisha, mwanangu. Na ukikosea, sema mapema, maana kosa lililosemwa hupata dawa, na lililofichwa huoza kama sikio. Leo umesema mapema. Ukapteni wako haujaondoka."

Akampa uzi. Kapteni aliufunga kwenye mkono wa Chiriku, fundo mara mbili, huku midomo yake ikinong'ona.

"Mbona husemi kwa sauti?" Mbona akamuuliza.

Mteja akacheka. Kapteni akasimama wima, akainua mkono mbele ya mama, mteja, Mbona na mapacha wote wawili.

"Ninaahidi, nyote mkiwa mashahidi: sitamnywesha mtu dawa kabla sijahakikisha ni nani, na nikikosea, nitasema siku hiyohiyo, Mungu anisaidie."