Bibi Aliyebadilishwa kwa Meza ya Kifungua Kinywa

Wamembadilisha na pankeki, jamani! Bibi yangu mzaa mama, mwenye miaka themanini na moja na nyonga ya chuma, wamemtoa kwa watu asiowajua ili wao wapate meza ya kifungua kinywa! Nishikeni, majirani zangu. Nimekaa kwenye korido ya hospitali huku Florida, fulana ya safari bado iko mwilini, imeandikwa kifuani MSAFARA WA KINA STADLER, na kila nikiyatazama maneno hayo natamani kuichana. Ngoja nivute pumzi. Nianze mwanzo, maana nyie ndio mliotuombea kanisani kabla hatujaondoka Indiana, na mna haki ya kujua huyo mliyemwombea amefanyiwa nini.

Mnaikumbuka Januari ile ya theluji. Jumapili moja mchana tulikuwa jikoni kwa Mjomba Wade, oveni inanukia viazi na jibini. Bibi Arvilla yuko dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu anafuma soksi. Ameishi na Mjomba, mwanawe, tangu avunjike nyonga. Brynlee, binti wa Mjomba, wa miaka kumi na moja, kalala sakafuni na mbwa. Kimya kizuri. Nikasema moyoni, mbona tumebarikiwa hivi?

Ndipo Anti Kendra, mke wa Mjomba, akafungua kompyuta.

"Laurel, si wewe ndiye msomi wa takwimu? Njoo unipimie hizi bustani za burudani. Julai tunakwenda, na safari hii sitaki kubahatisha."

Basi mimi na shahada yangu mbichi nikamtengenezea jedwali. Bustani tatu, kila moja na alama zake: taabu ya kupanga, gharama, na mvuto. Ya kwanza ni Ufalme wa Kioo, yenye kasri na hoteli zake. Kupanga kwake ni adhabu. Meza ya kula ndani ya kasri unaigombea siku sitini kabla, saa kumi na mbili kamili asubuhi, na ndani ya dakika chache zote zimekwisha. Bei yake usiiangalie ukiwa na njaa. Lakini mvuto, hakuna mtoto asiyeililia. Ya pili ni Kisiwa cha Maharamia. Kupanga si kubaya, bei ya kati, mvuto kwa wanaopenda kutapika. Ya tatu ni Ziwa Chungwa, ya zamani kabisa. Maua, benchi, boti zenye sakafu ya kioo. Unafika, unakata tiketi mlangoni, unaingia. Taabu ya kupanga, moja. Gharama, mbili. Mvuto je?

"Sifuri," akasema Anti Kendra.

"Tisa," akasema Bibi kule dirishani, wala hakuinua macho.

Tukacheka wote. Bibi akaweka soksi chini. "Orval alinipeleka pale tulipokuwa kwenye fungate. Miaka sitini sasa. Tumekaa kwenye benchi, nikammwagia aiskrimu ya chungwa kwenye suruali yake mpya, hakununa. Hapo ndipo nikajua nimeolewa na mtu."

"Lakini Mama, mahali pasipohitaji kupangwa pana nini? Si kila mtu anaingia tu?"

"Ndiyo uzuri wake, mwanangu."

"Haya, siku ya mwisho tutakupeleka. Naandika." Na aliandika kweli, niliona kwa macho yangu: Alhamisi, Ziwa Chungwa, Bibi.

Siwafichi, jedwali lile nilijivunia. Nililitia rangi.

Sasa sikieni kosa. Ilipofika siku ya kugombea meza ya kasri, Anti Kendra aliamka, kahawa mkononi, kidole juu ya kitufe, saa kumi na mbili kamili. Saa kumi na mbili yetu! Si mnajua kona yetu ya Indiana iko nyuma ya Florida kwa saa nzima? Mwanamke aliyepanga mpaka siku ya kufua soksi alilisahau hilo. Meza zilikwisha saa nzima kabla hajabonyeza. Alilia kama aliyefiwa. Brynlee akamwambia, "Mama, mimi nitakula hata mkate kwenye gari." Hakumsikia. Tangu siku hiyo, ile meza ikawa kidonda.

Tukafika Julai, joto la kuivisha yai. Jumatatu asubuhi tunaingia Ufalme wa Kioo, mimi nasukuma kiti cha Bibi, na kwenye treni ya machimbo kijana wa getini akatuita: "Aliye kwenye kiti na watu wake, hadi watano, wapite huku pembeni. Ila na yeye apande."

Tukapita. Dakika nne tu tukawa ndani ya treni, na wenzetu kule wamesimama saa nzima na nusu wakijipepea kwa ramani.

Mngemwona Anti Kendra! Macho yalimwaka. "Wade! Umeona? Umeona tulichonacho?"

Alisema "tulichonacho," majirani. Alimaanisha Bibi.

Kufika jioni jedwali langu lilikuwa na safu mpya, imeandikwa BIBI, na chini yake orodha ya treni na mashua zote. Bibi alipandishwa ile treni mara tatu siku hiyo, inaruka, inakata kona, inamtikisa mpaka kofia ikamwanguka. Mara ya kwanza alitania. "Nimezaa watoto wawili bila kutikiswa hivi!" Nilicheka hadi machozi. Mara ya tatu hakutania. Na mimi nilipita geti lile mara zote tatu, nikaona raha. Naandika hivi nasikia kinyaa juu yangu mwenyewe.

Jumanne Bibi akasema shingo inamuuma, abaki hotelini.

"Mama!" Anti Kendra akashika kiuno. "Bila wewe mtoto atasimama juani! Humwonei huruma mjukuu wako?"

Bibi akamgeukia Mjomba Wade. Mjomba akaviangalia viatu vyake. "Kidogo tu, Mama," akasema. "Mara mbili tatu."

Zilikuwa sita.

Alasiri, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, Anti Kendra alifahamiana na mama mmoja wa Texas, Charlene, kucha ndefu, mume na watoto watatu. Mimi niko majini, nawasikia, Anti Kendra keshamsimulia habari za Bibi na lile geti la pembeni.

"Kesho saa mbili asubuhi tuna meza ndani ya kasri," Charlene anasema, "lakini watoto hata hawaitaki, wanataka treni tu. Na foleni zile, dada, zitaniua."

"Weee, meza ya kasri!"

"Ndiyo. Nina meza, sina bibi."

"Na mimi nina bibi, sina meza!"

Wakacheka, wakagongana glasi. Nami nikacheka majini. Nilidhani ni utani.

Jumatano asubuhi namkuta Bibi tayari mlangoni, kofia ya nyasi yenye utepe, mdomo kaupaka rangi nyekundu.

"Mrembo, unakwenda wapi?"

"Ziwani! Kendra kasema kuna marafiki zake wana gari kubwa, wananipeleka leo badala ya kesho. Usiningoje, Laurel. Nikimpata mwenye suruali mpya sirudi!"

Nikambusu. Nikamwamini Anti Kendra, nikaona, kumbe ana moyo.

Ndani ya kasri pankeki zimekatwa kama taji, mabinti wa mfalme wanapita meza hadi meza wakipunga mikono. Anti Kendra anapiga picha hadi chumvi. Brynlee hajagusa chakula.

"Mama," akasema, "wale watu wa treni wanamrudisha Bibi saa ngapi?"

"Watu gani wa treni?" nikauliza.

"Punguza sauti," Anti Kendra akasema akitabasamu kwa ajili ya picha. "Anawasaidia kwenye foleni tu, halafu saa sita wanamrudisha. Si wametupa meza yao?"

"Ulimwambia anakwenda ziwani!"

"Sasa ningemwambia nini, Laurel? Angekataa."

Majirani, lisomeni tena hilo jibu. Alijua angekataa.

Nikamgeukia Mjomba, anamimina asali ya mti kwenye pankeki, anamimina, anamimina. "Mjomba, huyo ni mama yako."

"Saa sita atarudi," akaiambia sahani.

Tonge lililokuwa kinywani nililitema kwenye kitambaa chao cha hariri, nikatoka mbio. Nampigia Charlene kwa namba niliyomnyang'anya Anti Kendra, hapokei. Nikaizunguka bustani nzima, treni hadi treni. Saa tano kasorobo meseji ikaingia, na moyo mwekundu mwishoni: "Asanteni sana! Bibi yenu ni hazina! Tumemaliza mapema, tumemwacha kivulini, pale wanapotokea watu wa treni ya machimbo."

Nilipofika, kivuli kilishahama. Kiti cha magurudumu kilikuwa katikati ya jua, vyuma vyake vinaunguza mkono, na hakuna mtu juu yake.

Nilipiga ukelele. Dada muuza barafu akanishika bega. "Bibi mwenye kofia? Wamemchukua huduma ya kwanza sasa hivi. Alikuwa anaongea na mtu anaitwa Orval, na mimi nikaangalia, hakuna mtu."

Huduma ya kwanza muuguzi ananitazama kwa jicho la kunipima. "Wewe ni wa kwake? Maana hana mkoba, hana simu. Tumemuuliza umekuja na nani, akatujibu, nimekuja na watu nisiowajua."

Gari la wagonjwa likatuleta hapa. Wamemtundikia dripu mbili, mwili ulikuwa umekauka maji. Daktari kasema nusu saa zaidi pale juani, tungekuwa tunapigiana simu za msiba. Atapona. Sasa hivi ameshaanza kusema.

Na alichosema, bora angenitukana. "Laurel, yule mama alinipandisha mara nne. Kila mara namuuliza ziwa liko wapi, ananiambia baada ya hii. Nikajua nimeangukia watu wabaya, wamemdanganya Kendra. Nikajituliza, nikasema Kendra lazima ananitafuta kila mahali, maskini, atakuwa analia."

Sikumwambia. Nilimlowesha midomo kwa pamba.

Wenyewe walifika saa nane, wameshiba. Mnadhani Anti Kendra aliuliza Bibi yu hai? Alisimama hapa koridoni, sauti juu: "Tulikubaliana saa sita! Yule Charlene ni mtu gani? Saa sita tulikubaliana!" Daktari alipotoka, akamshika mkono wa koti: "Samahani, kesho ataweza kukaa kwenye kiti? Kwa sababu tuna nafasi ya..."

"Kendra, nyamaza," akasema Mjomba Wade.

Maneno mawili. Yalichelewa siku tatu. Akakaa chini akafunika uso, na sikwenda kumbembeleza. Kuna mtu anatenda uovu, na kuna mtu anaangalia viatu vyake. Leo siwezi kuwaambia ni yupi ananitia kinyaa zaidi.

Brynlee ndiye aliyefanya la maana. Alivua ile fulana ya msafara, akabaki na kisinglendi, akaitia kwenye pipa la taka la hospitali. Akaingia chumbani kwa Bibi, akampandia kitandani kwa upole, akamlalia mkononi upande usio na dripu. 

FUNZO

Nyie mnaopanga safari za mwaka huu, na najua wengi mnapanga, nisikilizeni. Kulinganisha si dhambi. Pimeni bei, pimeni taabu, pimeni mvuto, takwimu nimezisomea na sizikani. Lakini siku mtakapomwandika mzee wenu kwenye safu moja na foleni na meza, mmeshamfanya tiketi, na tiketi ikishatumika hutupwa pale watu wanapotokea. Mzee kwenye kiti cha magurudumu si njia ya mkato. Ukitaka kupita geti la pembeni, kwanza muulize anataka kwenda wapi. Akisema hataki, hilo ndilo jibu, usiende kutafuta uongo wa kumzunguka. Na wewe unayeona na kukaa kimya kwa sababu foleni ni fupi na kivuli ni kizuri, usijiite mwema. Nilikuwa mmoja wenu. Nilicheka majini.

Mengine siyajui bado. Daktari anasema wakimwona yuko sawa, kesho asubuhi saa tatu wanamtoa. Nimekodi gari, na Brynlee kashaomba ruhusa kwa baba yake, naye safari hii aliinua macho akasema ndiyo. Tunakwenda watatu. Hatujapanga kitu, tutakata tiketi mlangoni. Bibi ameomba nimfulie kofia yake, nimetoka kuifua kwenye sinki la hospitali sasa hivi, utepe umetoa rangi. Kesho jioni nitawaambia kama benchi la Babu Orval bado lipo, na kama aiskrimu ya chungwa bado inamwagika.